UA LETU, JINA LA BALOZI

Mwaka 1880 J. G. Baker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, Uingereza, alitangaza ua jipya la jamii ya yungiyungi akaliita Crinum kirkii. Matunguu yake yalifika Kew kutoka Unguja, yakiwa yamepelekwa na John Kirk, balozi wa Uingereza hapa visiwani, naye ndiye aliyetukuzwa kwa jina hilo. Ua lenyewe ni jeupe lenye michirizi myekundu, na makazi yake ni mbuga za Kenya na Tanzania. Waliolipita kila msimu wakienda shamba hawamo katika jina hilo.

Hatusemi haya kwa kuwahusudu marehemu. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba Nabii Adamu alielimishwa majina ya vitu vyote. Basi kutaja majina si kazi ya kabila moja. Kanuni za kazi hiyo ni za haki. Anayedai kuwa mmea ni mpya sharti aulinganishe na iliyokwisha andikwa, aeleze tofauti zake, achapishe maelezo, na sampuli iliyokaushwa ihifadhiwe mahali ambapo wataalamu wengine wataikagua. Hadi mwisho wa 2011 maelezo hayo yalilazimu kuwa kwa Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa.

Wala asidhani mtu kuwa hakuna kilichobaki. Mpapindi wa Pemba, ndugu wa mnazi na mpopoo, ulitambuliwa kitaalamu kuwa aina ya peke yake mwaka 1962 tu, tena na Mmarekani, Harold E. Moore. Huo ni mti mrefu, unaoonekana mwaka mzima. Ua la tunguu je? Miezi mingi hulala ardhini bila hata jani. Mvua ikinyesha huchanua, na baada ya siku chache limekwisha nyauka. Mgeni aliyekuja kwa wiki mbili hulikosa, na hata akilipata, likikandamizwa katika karatasi rangi hupotea, na tunguu lisipopasuliwa huoza. Awezaye kuandika rangi yake, harufu yake na wakati wa kuchanua kwake ni jirani yake: mkulima, mchunga ng'ombe, mwanafunzi.

Lakini uwanda unafyekwa. Kibali cha kujenga au kuchimba mawe kikitolewa wakati wa kiangazi, mkaguzi huona vichaka na mawe matupu, akaandika kwamba hapana kitu. Ameandika kwa haki ya macho yake, ila amekwenda msimu usio wake.

Tunawataka wahusika wasipitishe kibali cha kufyeka uwanda kabla ya mahali hapo kukaguliwa baada ya mvua za kwanza. Na kila mtafiti anayeruhusiwa kuchukua mimea yetu aache sampuli moja visiwani, na katika karatasi yake liandikwe jina la mwenyeji aliyemwonyesha.