Kama Ulimpenda Kweli, Juu ya Nini Ungali Mzima?

MAZUNGUMZO YA JAMAA

 Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kilio, na habari ya yale maneno mazuri ambayo watu wanaandika wakati mpendwa wao amekufa.

Kuna kijana mmoja wa hapa. Jina lake ninalificha, maana habari ni yake. Alikwenda kuchimba mbali, akarudi na franga za kutoa mali. Jamaa mbili zikakaa, zikasikilizana, mali ikatolewa. Arusi ilikuwa inangojea paka mwezi mmoja. Siku moja mchumba wake akapanda mtumbwi kwenda kuuza ng'ambo, upepo ukaamka, mtumbwi ukageuka. Walimpata siku ya tatu.

Nyuma ya kuzika, kijana akaacha kula. Alijifungia mu chumba, anaandika katika kaye yake ya zamani ya shule. Mama yake akanituma mtu, nikaja. Kijana hakunisalimu, alinipa ile kaye tu. Nilikuta mashairi ya Kifaransa aliyojifunza shuleni, na mengine ya Kiswahili aliyotunga mwenyewe. Yote yalizunguka wazo moja: mwenye kupenda kweli hawezi kubaki nyuma. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika swali: "Pasta, kama nilimupenda kweli, juu ya nini miye ningali muzima?"

Wasomaji, hapo mimi nilikosa. Nilifungua Biblia haraka haraka, nikamwambia kulia namna ile ni kukosa imani, nikamwambia pia aichome ile kaye. Mama yake akaniita nje, nyuma ya jiko. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Pasta, unisamehe. Ulimupatia vesi, lakini haukumupatia hata dakika moja ya kumusikiliza. Ile kaye njo mahali analilia. Ukiichoma, atalilia wapi?"

Niliona haya. Nikarudi ndani, nikaketi juu ya mkeka, nikamwomba anisomee mwenyewe. Alisoma mpaka giza likaingia. Mimi sikusema kitu.

Tangu ile siku nimetafuta kujua maisha ya watu waliotunga mashairi ya namna hii. Shuleni tunafundishwa shairi, mwalimu anaandika kwenye ubao, tunalishika kwa kichwa, lakini hatuambiwi mtunzi aliishi namna gani kisha. Njo maana kijana anafikiri wote walikufa kwa upendo. Tuwaangalie watatu.

Wa kwanza ni Alphonse de Lamartine, ambaye wengi wenu mmemsoma ku masomo. Mwaka 1816, kando ya ziwa la Bourget, chini ya milima ya Alpes, alikutana na Julie Charles. Mama huyu alikuwa bibi ya mtu mwingine, na hapo mimi pasta siwezi kumsifu mtunzi. Waliagana kuonana tena palepale mwaka 1817. Lamartine akafika, akangoja. Julie alikuwa amelala na ugonjwa wa kifua, hakuweza kusafiri. Pale peke yake, mbele ya maji, akaanza shairi lake la ziwa. Wengi wanadhani alilitunga juu ya maiti, lakini Julie alikuwa angali mzima. Alikufa Desemba mwaka uleule. Shairi likatoka katika kitabu mwaka 1820.

Sasa angalieni. Mwaka uleule wa 1820 Lamartine alioa. Aliishi mpaka 1869. Mwaka 1848 alikuwa mmoja wa wakubwa wa serikali ya muda ya Ufaransa, na serikali ile, tarehe 27 Aprili, ilitoa amri ya kukomesha utumwa katika makoloni yake. Kati ya wale waliofunguliwa walikuwa wana na wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka pwani za Afrika. Kijana aliyelia kando ya ziwa hakujua kwamba kazi ile inamngojea. Kama angalikufa pale pamoja na upendo wake, jina lake lisingalikuwa chini ya ile amri.

Wa pili atawagusa ninyi watu wa migodi. Ni Mjerumani, jina lake Friedrich von Hardenberg, lakini kwenye vitabu anaitwa Novalis. Alimchumbia Sophie von Kühn mwaka 1795, msichana mwenye karibu miaka 13. Nasimama kidogo hapa: kwetu sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza jambo hilo, na kanisa pia linakataza. Mtoto ni mtoto, hata kama mshairi anamwita malaika. Sophie akashikwa na ugonjwa, akakatwa mara nyingi na waganga, akafa tarehe 19 Machi 1797, siku mbili nyuma ya kutimiza miaka 15. Novalis akaanza kuhesabu siku katika kitabu chake, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu tangu kifo, na aliandika kwamba anataka kumfuata.

Je, alimfuata? Mwisho wa mwaka uleule alikwenda mji wa Freiberg, kwenye shule kubwa ya migodi, akajifunza mawe, madini na namna ya kuchimba. Kisha alifanya kazi katika utawala wa migodi ya chumvi. Mwaka 1798 alichumbia msichana mwingine, Julie von Charpentier. Yale mashairi yake ya usiku na kaburi, ambayo watu wanayasifu mpaka leo, yalichapwa mwaka 1800, miaka mitatu nyuma ya kilio, wakati yeye ni mtu wa kazi. Alikufa mwaka 1801 kwa ugonjwa, angali na miaka 28. Basi hata huyu, ambaye kuliko wengine wote aliita mauti kwa jina la upendo, asubuhi aliamka akaenda ku kazi.

Wa tatu ni wa lugha yetu. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga, Tanzania, mwaka 1909, akafa 1962. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini uchungu wa kufiwa hauulizi mtu anasali wapi. Bibi yake Amina alikufa. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu alimtungia shairi la kumlilia. Hakuona haya kwamba mwanaume anamlilia bibi yake mbele ya watu wote wanaojua kusoma. Kwetu wanaume wengi wanaona ni aibu. Wanamlilia bibi katika chupa, wanapiga watoto, halafu tunasema "ule ni mwanaume, hakulia". Shaaban Robert alilia kwa maneno.

Lakini hakuishia pale. Alimtungia binti yake utenzi mrefu wa mashauri, unaoitwa Hati, na kijana wake mwingine, unaoitwa Adili: namna ya kuishi na watu, namna ya kumheshimu Mungu, namna ya kushika kazi. Kalamu iliyomlilia Amina njo ileile iliyolea watoto. Hii ndiyo naomba muishike.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu na ya watu wa pwani. Mwaka 1957 watafuta-mambo-ya-kale walianza kuchimba makaburi ya Sanga, kwenye ziwa Kisale, na mwaka 1975 Pierre de Maret alichimba hapa hapa Malemba-Nkulu. Katika bonde letu walikuta makaburi ya wazee wetu yenye miaka elfu moja na zaidi. Maiti waliwekewa vyungu vizuri sana, na vito vya shaba. Shaba haitoki katika matope ya ziwa. Ililetwa kutoka kusini, upande ambako leo vijana wetu wanakwenda kuchimba. Na kwa watoto waliwekwa vyungu vidogo. Mimi nikifikiri mama wa wakati ule anayeangalia kile chungu kidogo kinashuka shimoni, najua hakuhitaji mshairi amfundishe. Aliandika shairi lake kwa udongo. Kisha akarudi nyumbani kupikia wale waliobaki; kama hakurudi, sisi hatungekuwa hapa.

Na Biblia? Wimbo Ulio Bora, sura ya 8, unapima nguvu ya upendo kwa nguvu ya mauti, lakini hauwaambii wapendanao wafe. Daudi alipofiwa na Yonathani alitunga wimbo wa kilio, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Someni 2 Samweli 1. Kisha akaenda kutawala. Ibrahimu alimlilia Sara, halafu akasimama mbele ya wenyeji akanunua mahali pa kaburi kwa shekeli 400 za fedha, bila kupunguza bei. Iko katika Mwanzo 23. Na Bwana Yesu, ambaye alijua atamwamsha Lazaro, alilia kwanza. Mimi katika kile chumba nilitaka kufika kwenye ufufuo bila kupita kwenye machozi, na Bwana wangu mwenyewe hakupita njia ile.

Basi wapendwa, mashauri matatu.

Kwenu wazazi na wazee wa kanisa: msichome kaye za watoto. Mwache mtu alie, aandike, aimbe. Lakini kama anasema anataka kumfuata marehemu, msiite yale ni mashairi tu. Mtu alale naye chumba kimoja. Mumwite anayemwamini, mumpeleke kwa muganga wa kituo cha afya, na msimwachie usiku peke yake. Kusali tusali, lakini tukisali tuwe pale.

Kwenu wanaosema maneno ku kilio: nimesikia hotuba tamu juu ya marehemu, "bwana wetu mpendwa, nguzo yetu," na palepale ndugu zake wanabeba matela, sufuria na kinga, mama mjane anabaki na watoto katika nyumba tupu. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa aliyebaki, bibi ao bwana, haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Ukimsifu marehemu na huku unamfukuza bibi yake mu lopango, yale maneno yako ni uongo, hata yakiwa na vina na mizani.

Kwenu vijana: mkimwandikia mpenzi kwamba bila yeye mtakufa, mjue mnaahidi nini. Mwandikie vile utakavyoishi naye, na kama Mungu akimwita mbele, vile utakavyowatunza wale aliowapenda. Hayo pia ni maneno ya upendo. Yanakosa utamu kidogo, lakini mtu anaweza kuyatimiza.

Namaliza na yule kijana. Nyuma ya miezi kadhaa, jamaa ya marehemu walikuja kuzungumza juu ya ile mali. Desturi zetu mnazijua. Arusi haikufanyika, walitaka kurudisha, na kwa upande wa kijana wajomba wengine walikuwa tayari kupokea. Maneno yalikuwa mengi, mpaka sauti zikapanda. Kijana akaomba kusema. Akafungua kaye. Nilidhani atasoma shairi. Alisoma jina la mdogo wa marehemu, mtoto wa kalasi ya tano, aliyekuwa amefukuzwa shuleni sababu ya minervali. Akasema: "Ile mali ibakie kule. Imulipie huyu masomo. Yeye alikuwa anasemaka kila siku, mudogo wake asome." Wajomba walinyamaza. Mama mkwe, maana mimi sina jina lingine la kumwita, alisimama akamshika mkono, na hapo wote tulilia, pasta pia.

Kaye ingali naye. Swali lake la ukurasa wa mwisho halijafutwa. Chini yake ameandika alama za yule mtoto, mwaka kwa mwaka.

Bwana awafariji ninyi nyote mlio katika kilio mwezi huu. Tutaonana tena katika gazeti lijalo.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:
1. Katika nyumba yetu, je, mwanaume ana ruhusa ya kulia? Nani alimkataza?
2. Yule tuliyemzika mwisho alimpenda nani zaidi, na mtu huyo anaishi namna gani leo?
3. Someni Mwanzo 23. Ibrahimu alifanya nini mbele, na nini nyuma?