Beringi Iliyokosa Mafuta

Garimoshi la mizigo likiacha reli, aghalabu tunamlaumu dereva, ambaye pengine hata hajui kinachoungua nyuma yake. Huenda reli imevunjika, au mataruma yameoza, au mzigo umelalia upande mmoja. Lile lililoanguka Mississauga, Kanada, usiku wa tarehe 10 Novemba 1979, lilikuwa na mabehewa 106, na likaponzwa na beringi moja iliyokosa mafuta. Ikapata moto hata ekseli ikakatika, magurudumu yakachomoka. Tangi la klorini likatoboka. Watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa. Hakufa hata mmoja. Wenye jamaa huko wawaambie: gurudumu likifuka moshi, wapige simu upesi.