Mvua ya «mashariki ya nchi» ni ya nani? Shabunda inataka habari yake

Kila mara ni maneno yaleyale: mvua kubwa na radi zinangojewa mashariki ya nchi kwa saa 24 zijazo. Basi. Mama aliyekimbia vita na watoto wake, anayelala chini ya bashi karibu na mto Ulindi, anasikia hayo na kuuliza: mashariki gani? Saa ngapi? Nihame ama nibaki? Hakuna anayemjibu.

Sud-Kivu peke yake haina hewa moja. Bukavu iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, Shabunda haifiki 600. Uvira ni bonde na ziwa, Shabunda ni pori. Wilaya ya Shabunda inapita kilomita za mraba 25 000, karibu sawa na Rwanda nzima. Rwanda ina idara yake ya hali ya hewa. Shabunda inafungiwa ndani ya neno moja linalotoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1 000 toka hapa, tena kwa Kifaransa cha ofisi.

Na kuna la kuchekesha. Mtalii anayetaka kupanda Ruwenzori, mita 5 109, anafungua simu na kuona theluji itakayoanguka kileleni kesho na kesho kutwa. Theluji! Muuza muhogo wa Shabunda hajui kama leo usiku maji yataingia nyumbani kwake.

Watu wasiseme ni mambo madogo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 Rwanda, wengi wao katika wilaya za magharibi. Baadhi ya wilaya hizo zinatazamana na Kalehe, ziwa Kivu tu katikati. Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuja sokoni kama kawaida. Maji yakashuka na mawe, Nyamukubi na Bushushu zikafagiliwa. Waliokufa walipita 400, bila kuhesabu waliopotea. Serikali ikatangaza maombolezo ya kitaifa tarehe 8. Maombolezo yalipata tangazo lake, mvua, je? Ng'ambo ya ziwa watu walikuwa wakizika tayari.

Kuna wanaojibu kwamba mvua ni ya Mungu. Ndiyo, lakini kunyamaza ni kwa binadamu. Wengine wanasema hakuna pesa. Kwa radari na satelaiti, sawa, METTELSAT iendelee kuzidai, na wabunge wa Shabunda wadai pamoja nayo. Lakini kuna kazi isiyongojea satelaiti. Ulindi unatoka milimani, upande wa Mwenga. Mvua ikipiga kule juu, maji yanahitaji muda kufika chini kwetu. Muda huo ndio uhai wa wachimbaji wa dhahabu mtoni, wa wenye mitumbwi, wa familia zilizojenga ukingoni kwa sababu hazikupewa kiwanja pengine. Mtu mmoja Mwenga, fonia moja, na redio inayotoa dakika tano za antena saa 12 jioni, kwa Kiswahili na Kilega: Ulindi umepanda, mtu asilale ukingoni leo.

Fonia zipo. Vituo vya afya vinazo, viwanja vya ndege vidogo vinazo, na marubani hawatui Shabunda kabla ya kuulizia hali ya hewa. Yaani kabla mzigo wa sukari na sabuni haujaruka, mtu anauliza kama mvua inanyesha. Kwa watu walio chini ya bashi, hakuna anayeuliza.

Wilaya, usultani wa Bakisi na mashirika ya raia wanaweza kukaa meza moja wiki hii. Swali lao ni moja: nani atashika fonia upande wa Mwenga, na nani atalipa betri yake.