Vita Bila Wapagazi

Wako watu wazima wanaokaa mezani na ramani, dadu na vikosi vya kadibodi, wakaipigana upya vita iliyokwisha zamani. Siwacheki. Mchezo huu una ukoo wake: Reisswitz, ofisa wa Prussia, alitoa kanuni zake mwaka 1824 kwa ajili ya kuwafunza maofisa wenzake, na mwaka 1913 H.G. Wells akaandika kitabu cha kuwachezesha raia kwa vinyago vya askari. Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu yanayoandikwa juu ya kasha: "sahihi kihistoria."

Tuchukue vita tunayoijua sisi, ile ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918. Mtungaji atakuhakikishia kwamba pale Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, nao Wajerumani walikuwa 1,000 hivi. Atakuwekea hata nyuki waliowavamia askari vichakani. Ataikumbuka mizinga ya manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915, jinsi ilivyotolewa majini ikakokotwa nchi kavu. Yote ni kweli. Lakini muulize: waliobeba risasi, unga na dawa ni akina nani? Atanyamaza, maana ndani ya kasha lake hamna kete ya mpagazi.

Hapo ndipo ninapokataa. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa kupita 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na uchovu, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Soko linawakumbuka, mchezo unaojiita sahihi umewasahau!

Watajitetea kwamba mchezo hauna budi uchezeke, na kwamba hakuna anayetaka kukaa akihesabu magunia. Nami nasema hesabu ya magunia ndiyo iliyokuwa vita yenyewe. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mzigo ukabaki kichwani mwa mtu. Tuseme mtu huyo amebeba kilo 25 za chakula, naye hula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kula 20. Alizofikisha ni tano. Kwa hiyo jenerali aliyeamua kusonga mbele aliamua pia ni vijiji vingapi vitapokonywa vijana wao na nafaka yao. Iweke kanuni hiyo moja mezani: kila mwendo uwe na gharama ya wapagazi, na kijiji kilichochukuliwa watu kisivune msimu ujao. Mchezaji ataelewa mara moja kwa nini Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma Novemba 1917 kutafuta mahitaji, na nani alilipa gharama ya ujanja wake.

Tena kuna suala la pointi. Kwa kuwa Lettow-Vorbeck hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mchezaji wake hupewa ushindi kwa kuponyoka tu. Nani alipanga hivyo? Kanuni ya ushindi ni maoni ya mtungaji, hata ikivikwa joho la takwimu. Mtoto akicheza mara kumi, atainuka na heshima kwa jemadari, asijue kwamba palikuwa na njaa.

Bao letu halimdanganyi mtu, kwa sababu kete zake hazijadai kamwe kuwa binadamu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Anayezichora pembe za fahali kwa uangalifu na kuzisahau nyasi, na aandike juu ya kasha lake "mchezo", tutacheza naye. Asiandike "historia".