Fumbo Mfumbie Mjinga: Siasa za Filamu za Kisayansi na Mtazamaji wa Muyeye

Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Usemi huu unastahili kukumbukwa kila jioni katika mtaa wa Muyeye, mjini Malindi, pale vijana wanapojipanga kwenye mabenchi ya kibanda cha video, au wanapobanana watatu watatu mbele ya kioo cha simu moja, kutazama vyombo vya angani vikiteketeza miji. Aghalabu sauti ya msimulizi wa Kiswahili huwa imefunika mazungumzo ya asili ya filamu. Msimulizi humtambulisha staringi, humdhihaki adui, hutia chumvi na vichekesho, na kibanda kizima huangua kicheko. Filamu ikiisha, mjadala huwa juu ya mapigano: nani alimpiga nani, na kwa silaha gani. Swali la kwa nini vita hivyo vilipiganwa huachwa humo kibandani pamoja na maganda ya njugu.

Makala haya yanadai kuwa swali hilo ndilo kiini cha filamu nyingi za bunilizi ya kisayansi, na kwamba mtazamaji wa Pwani ya Kenya ana sababu kubwa ya kulijibu kuliko anavyodhani. Aidha, yanadai kuwa kuigangua siasa ya filamu hakutoshi; sharti mtazamaji atambue pia mahali ambapo filamu, hata inapoikosoa nchi iliyoizaa, huipendelea kwa siri.

Bunilizi ya kisayansi ilianza kubeba lawama dhidi ya mataifa zamani. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya ya The War of the Worlds, ambamo viumbe kutoka Mirihi wanaivamia Uingereza. Katika kurasa zake za mwanzo anawakumbusha Waingereza jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Taifa lililozoea kuvamia liliulizwa lingejisikiaje likivamiwa. Mwaka 1954 Wajapani walitoa filamu ya Godzilla, kuhusu dude lililoamshwa baharini na majaribio ya silaha za nyuklia. Ilikuwa miaka 9 tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na katika mwaka ule ule ambapo wavuvi wa Kijapani walidhurika kwa jaribio la bomu la Marekani katika Bahari ya Pasifiki. Aliyeliona dude pasi na kuliona bomu hakuitazama filamu hiyo.

Mbinu hii si ngeni kwa Waswahili. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, fumbo limekuwa silaha ya mtunzi anayetaka kusema na mkubwa bila kumtaja. Asiyefumba hulipa. Abdilatif Abdalla aliuliza wazi Kenya inaelekea wapi katika waraka wake wa mwaka 1968, na jibu alilopewa likawa kifungo cha miaka mitatu. Chombo cha angani katika filamu ya kisayansi hufanya kazi ile ile ya fumbo: huyapeleka mambo ya hapa mbali, ili yapate kutajwa.

Hebu itazamwe Avatar ya James Cameron, iliyotolewa mwaka 2009 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Kampuni ya wanadamu inakwenda katika mwezi uitwao Pandora kuchimba madini ya thamani. Chini ya makao ya wenyeji, Wanavi, ndiko yaliko madini hayo. Kwanza wanapewa shule na maneno matamu; wanapokataa kuhama, makao yao yanabomolewa kwa makombora. Wahakiki wengi wa Marekani waliitambua mara moja historia ya nchi yao: kufukuzwa kwa wenyeji wa asili, na vita vya Iraki vilivyoanza mwaka 2003.

Je, mtazamaji wa Muyeye alipaswa kutambua nini? Kaskazini mwa Malindi, katika eneo la Magarini, kuna mashamba makubwa ya chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani kuhusu madai ya wakazi dhidi ya kampuni za chumvi, yakiwamo madai ya kuondolewa katika ardhi yao na kuharibiwa kwa mazingira. Mzizi wa tatizo ni mkongwe zaidi ya chumvi yenyewe. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyoletwa na serikali ya kikoloni katika ukanda wa Pwani, ilitambua madai ya wachache, na maelfu ya waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao hapo wakageuka maskwota. Kijana ambaye familia yake haina hati ya kiwanja inachokalia hahitaji kusafiri hadi Pandora. Hata hivyo, humlilia Mnavi aliyepakwa rangi ya buluu, kisha akatoka nje bila kujililia mwenyewe.

Lakini hapa ndipo ugangue wa fumbo unapopaswa kuendelea. Ni nani anayewaokoa Wanavi? Ni Jake Sully, askari aliyekuja na wavamizi. Kanuni ya kibanda cha video husema kuwa staringi hafi. Ingefaa kuongezwa kuwa staringi hatoki miongoni mwa walioonewa. Marekani inashtakiwa, Marekani inatoa shahidi, na Marekani ndiyo inayotoa mkombozi. Mwenyeji hubaki kushangilia ukombozi wake mwenyewe akiwa pembeni.

Kasoro kama hiyo hujitokeza hata katika filamu zilizompa Mwafrika nafasi ya mbele. Black Panther ya mwaka 2018, ambayo Mkenya Lupita Nyong'o alishiriki na iliyoonyeshwa Kisumu kwa shangwe mwezi Februari mwaka huo, iliikosoa Marekani kwa jinsi ilivyowatupa watoto weusi wa mitaa kama ya Oakland. Hata hivyo, miongoni mwa wanaoisaidia Wakanda kupata ushindi ni jasusi wa CIA, mwema na jasiri. Mtu wa Afrika Mashariki na Kati anayekumbuka kuwa shirika hilo lilipanga kumpa Patrice Lumumba sumu mwaka 1960, na kwamba urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Kongo, hawezi kuumeza wema huo bila kutafuna. Nayo District 9 ya mwaka 2009 iliusuta ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kwa kuonyesha viumbe wa angani wakifungiwa katika kitongoji duni cha Johannesburg, lakini iliwachora Wanijeria kama majambazi, hata serikali ya Nijeria ikaipinga rasmi. Ukosoaji wa nafsi haumzuii mkosoaji kumtukana jirani.

Wapo watakaosema kuwa sinema ni burudani, na kwamba kijana aliyeshinda juani akitafuta kibarua ana haki ya kucheka jioni bila kuhutubiwa. Hoja hii ina uzito, na hakuna anayetaka kibanda kigeuzwe darasa. Wengine watasema kuwa nchi inayojisuta hadharani na kuuza suto hilo kwa dunia nzima inastahili sifa. Hilo nalo ni kweli: Cameron hakukamatwa. Ila ni kweli pia kwamba filamu yake ilikuwa bidhaa, na bidhaa humpendeza mnunuzi kwanza. Ukosoaji unaomgharimu mkosoaji sharti utafutwe kwingine.

Na hauko mbali. Takriban kilomita 30 kutoka Malindi, katika maji ya Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti 9 kati ya mwaka 1967 na 1988 kwa roketi za Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Neno lilipaa hadi mbinguni. Maskwota wa Pwani walibaki chini wakilitazama. Ni mwandishi gani wa bunilizi angethubutu kubuni kinaya kama hicho?

Yupo aliyekaribia. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi na mhadhiri wa sosholojia, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 na serikali ya chama kimoja. Mwaka 1995 ilichapishwa riwaya yake ya Walenisi. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kwa ukaidi wake, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani ili afe. Hafi. Anatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na jina la nchi hiyo likisomwa polepole hutoa maana yake: wale ni sisi. Tofauti na Sully, Dzombo haendi kuwaokoa wenyeji wa sayari. Anakwenda kujifunza kwao namna ya kuwa binadamu. Vilevile, Wanuri Kahiu katika filamu yake fupi ya Pumzi ya mwaka 2009 alimwonyesha mwanamke Mwafrika akikaidi utawala unaodai kuwa nje hakuna uhai, akaibeba mbegu yake hadi jangwani. Hakungojea askari wa kigeni.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wana kazi tatu mbele yao. Kwanza, usimulizi wa filamu kwa Kiswahili, uliovumishwa na Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, utafitiwe kama utanzu wa fasihi simulizi, maana msimulizi ndiye mhakiki wa kwanza anayesikilizwa Muyeye, na pengine wa pekee. Pili, kazi kama Pumzi, ambayo wahusika wake huzungumza Kiingereza, zitiwe sauti za Kiswahili ili zifike vibandani. Tatu, Walenisi isomwe upya, si kwa ajili ya mtihani, bali kama jibu la Pwani kwa sinema za Marekani.

Kijana wa Muyeye ataendelea kutazama vyombo vikishuka kutoka angani, na vizuri atazame. Mababu zake wa Malindi waliona vyombo vya ajabu vikitokea upeo wa macho mwaka 1498, na mpaka leo nguzo ya mgeni yule imesimama ufukweni. Kisa cha mgeni atokaye mbali akitafuta mali ni chake kuliko cha Cameron. Siku msimulizi wa kibandani atakapofika penye Wanavi wakifukuzwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wale ni sisi," fumbo litakuwa limeganguliwa.