Msiba wa Garissa Unatuhusu Sisi Pia



Ndugu wanafunzi na wasomaji wetu wapenzi, alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliwashambulia wanafunzi wa Kikristo waliokuwa katika ibada ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini. Huko walikuwa wakiuliza: nani Muislamu, nani Mkristo? Mpaka shambulizi lilipomalizika jioni, roho 148 zilikuwa zimepotea, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Kundi la Al-Shabaab lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya unyama huo.

Kenya ilitangaza siku tatu za maombolezo. Maiti zilipelekwa Nairobi, na wazazi wakapanga foleni Chiromo kuwatambua watoto wao. Wakazi wa Garissa, ambao wengi wao ni Waislamu, waliandamana kulaani mauaji hayo. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016.

Huenda mtu akauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Lamadi? Sisi tunasema yanatuhusu, tena sana.

Kwanza, yalifanywa kwa jina la dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Maida aya ya 32, imeifanya nafsi moja isiyo na hatia kuwa na uzito wa watu wote. Na tumesomeshwa kwamba Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza lilipopita mbele yake. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliuliza kama yule naye hakuwa nafsi. Ikiwa Mtume wetu alisimama, sisi ni nani hata tukae?

Pili, waliohusika walikuwa vijana kama sisi. Mmoja wa wauaji alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka. Mwingine, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019 kwa kuhusika na shambulizi hilo, alikuwa Mtanzania. Basi tusiseme kwamba haya ni mambo ya Wasomali, au ya watu wasiosoma.

Wapo wanaolaani kisha wakaongeza "lakini". Husema, lakini Kenya ilipeleka jeshi Somalia mwaka 2011. Ndugu zetu, mwenye hoja juu ya vita vile na aitoe. Ila mwanafunzi aliyekuwa amelala bwenini hakupeleka jeshi popote. Rambirambi yenye "lakini" humwongezea mfiwa uchungu.

Sasa tufanye nini? Jibu lilitolewa miezi minane baadaye, na waliolitoa walikuwa abiria. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wamewapa wenzao wa Kikristo mitandio wajisitiri, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016. Serikali ya Kenya ilimpa nishani baada ya kifo chake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tazameni, swali lilikuwa lile lile la Garissa, ila safari hii walioulizwa walikataa kugawanywa. Hii ndiyo njia bora ya kuwaomboleza wale 142.

Hapa Lamadi bunduki haijatufikia, alhamdulillahi, na tunaomba isitufikie. Lakini mgawanyiko huanza na maneno madogo: kumcheka wa dini nyingine, kukataa kula naye, kunyamaza anapotukanwa. Kwetu, msiba ukitokea mtaani, watu huteka maji na kubeba kuni bila kumuuliza marehemu alisali wapi. Desturi hii tuishike kwa mikono miwili. Mwenzetu Mkristo akifiwa, twende tukampe pole.

Na ukimwona rafiki yako amebadilika ghafla, anajitenga, anapokea mafundisho ya siri kutoka kwa mtu asiyemjua na anaambiwa asimwambie ustadhi wala mzazi, usimfichie. Kumwambia ustadhi au mzazi wake si kumsaliti. Yule chifu wa Mandera alisema, ila mwanawe alikuwa amekwisha kwenda. Sisi tuseme mapema, mwenzetu angali nasi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wote waliofiwa Garissa, na atujaalie tuwe watu ambao jirani zao wako salama nao.

Wabillahi tawfiiq.