Wanatia saini inje ya inchi, sheria inapigiwa kura Kinshasa

Kila mara wajumbe wanapokaa mezani Nairobi, Kampala, Luanda ao Doha, wakaaji wa mashariki wanafuata habari kwa redio: nani ametia saini, nani amekataa, nani amerudi na hasira. Kisha habari inapoa. Kipande cha pili, kile cha Bunge, ni watu wachache wanakifuata. Kumbe njo pale mapatano yanapata nguvu ao yanabaki karatasi.

Katiba inasema wazi, katika kifungu cha 214, kwamba mapatano ya amani kati ya inchi na inchi hayawezi kuthibitishwa bila sheria. Yale ya Washington, ambayo Kongo na Rwanda walitia saini tarehe 27 Juni 2025, ni ya aina hiyo. Mapatano na kundi lenye silaha yana njia yake ingine, na njia hiyo wakaaji wa Kivu wanaijua: msamaha.

Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilipatana na CNDP pale Goma, nyuma ya mazungumzo ya Nairobi. Tarehe 7 Mei mwaka ule ule, sheria ya msamaha kwa matendo ya vita katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini ikatoka. Wiki sita na siku tatu. M23 ilipopigwa mwaka wa 2013, matangazo yalitiwa saini Nairobi tarehe 12 Desemba. Tarehe 11 Februari 2014 sheria ya msamaha ikawa tayari: miezi miwili tu. Hakuna mutu anaweza kusema Bunge linachelewa wakati linataka.

Tuseme ukweli: sheria zote mbili ziliacha inje mauaji ya kimbari, makosa ya vita na makosa dhidi ya binadamu. Ile ya 2014 iliongeza hata ubakaji, mateso na kuingiza watoto jeshini, tena kila mutu alipaswa kuandika kwa mukono wake ahadi ya kutoshika silaha tena. Kwa karatasi ni sheria nzuri. Shida ni nani aliyechunguza. Bosco Ntaganda alikuwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya La Haye tangu 2006, na hata vile akapewa cheo cha jenerali katika jeshi la taifa. Haikuwa mahakama ya Kongo iliyomushika. Yeye mwenyewe alijipeleka kwa ubalozi wa Marekani kule Kigali mwaka wa 2013, na baadaye akahukumiwa miaka 30 juu ya mambo ya Ituri. Mwishoni mwa 2021, M23 ikaanza vita tena. Ahadi za mukono zilikuwa bado kabatini.

Na upande wa wale walioumizwa? Sheria ya kulinda na kulipa wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa ilitoka tarehe 26 Desemba 2022, na mufuko FONAREV ukawekwa. Kama mutu anahesabu tangu vita ya 1996, ni miaka 26. Wenye bunduki wanangojea wiki, waliobakwa na waliochomewa nyumba wanangojea robo ya karne. Tofauti hiyo haihitaji maelezo mengi: mwenye bunduki ana kiti mezani, mama wa Djugu ao wa Masisi hana.

Kuna pia sheria ambayo wengi wamesahau. Tangu tarehe 7 Juni 1966 inchi iko na sheria inayokataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mutu anayechochea chuki kwa maneno ao kwa maandishi anaweza kufungwa mwezi moja mpaka miaka miwili. Leo matusi ya kikabila yanapita kwa WhatsApp kutoka Bunia mpaka Uvira, kila mutu anayasikia, na wanaofika mbele ya muzuzi juu ya sheria hiyo ni wachache sana. Wanasiasa wanaoomba sheria mupya juu ya chuki wangeanza kwa kuuliza ile ya zamani imelala wapi. Kenya ilifanya sheria yake mwaka wa 2008, nyuma ya machafuko na upatanishi wa Kofi Annan, ikaweka hata tume ya kuifuata. Hata kule, kesi ni mingi kuliko hukumu.

Lakini chuki haitokei kwa mudomo tu. Sheria zenyewe ziliwahi kuiwasha. Ile ya Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu mbele ya 1950. Ile ya Juni 1981 ikaufuta, ikaomba ukoo uliokuwa ndani ya inchi mwaka wa 1885. Nani angeleta ushahidi wa 1885? Mwaka wa 1993 Masisi na Walikale walikuwa wanauana. Sheria ya uraia ya Novemba 2004, iliyotoka nyuma ya Sun City na Pretoria, ilijaribu kurekebisha: inahesabu makabila yaliyokuwa ndani ya inchi wakati wa uhuru.

Upande wa mashamba hata hilo halikufanyika. Sheria ya udongo ya Julai 1973, kifungu cha 389, iliahidi amri ya Raisi juu ya haki ya wanaolima udongo wa kimila. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo. Wakati ule wote Wahema na Walendu, wafugaji na wakulima, waligombania vilima ambavyo kwa sheria havina mwenyewe anayejulikana.

Doha, tarehe 15 Novemba 2025, serikali na AFC/M23 walitia saini mapatano ya msingi yenye itifaki nane, nyingi zikiachwa kuzungumuzwa baadaye. Ndani yake kuna kurudi kwa wakimbizi na kuna haki. Wakimbizi wakirudi watakuta watu wengine kwa mashamba yao, na atakayeamua, chifu ao muzuzi, ataomba aonyeshwe sheria. Kufwatana na Katiba, vikao vya kawaida vya Bunge vinafunguliwa tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Wabunge waliochaguliwa Kivu na Ituri wako pale, na majina yao wakaaji wanayajua.